Gego la mwisho limevimba mara ya pili: ling'olewe au liachwe?

Shikamooni madaktari,

Mimi ni kijana wa miaka 24, naishi Pasua hapa Moshi, kazi yangu ni upagazi mlimani. Tangu mwaka jana gego la mwisho la chini, upande wa kushoto, linachomoza lakini halimalizi kutoka. Nikipitisha ulimi nakuta ncha ya jino na kipande cha nyama kimelilalia. Mwezi wa pili nyama hiyo ilivimba tukiwa kambi ya Barranco. Sikuweza kutafuna, nikawa wa uji na chai mpaka tuliposhuka Mweka. Duka la dawa walinipa amoksilini. Nilikunywa siku tatu, maumivu yakakata, nikaacha.

Wiki hii limerudi. Shavu limejaa kidogo, nikimeza maumivu yanapanda hadi sikioni, na mdomoni kuna ladha mbaya isiyoisha hata nikipiga mswaki. Tabibu wa meno zahanati aliangalia kwa tochi, akasema limelala na ling'olewe, ila hakunipiga picha. Mwenzangu wa kazi ananiambia niyang'oe yote manne kwa mpigo, kwani wageni wetu wengi wa Marekani walishayatoa. Mama mkubwa hataki kusikia. Anasema gego la juu liking'olewa macho yanapoteza nuru. Ya juu yametoka yote mawili na hayaumi. La chini kulia halijaonekana kabisa. Tena meno yangu ya mbele yameanza kubanana, na nimeambiwa ni haya magego yanayoyasukuma.

Nitajuaje kama kweli linahitaji kutoka? Na je, yote manne? Baada ya siku kumi nina safari ya siku saba. Msimu ndio umeanza, na nikiikosa sijui nitaitwa tena lini.

Mpagazi, Pasua

Marahaba kijana wetu, na pole kwa maumivu.

Kwa maelezo yako, la chini kushoto limefikia kutolewa, picha ya eksirei ikithibitisha. Matatu yaliyobaki hayajafikia, ingawa la juu kushoto tutalirudia kwa sababu huenda lina mkono katika shida hii. Safari ya siku kumi zijazo tungekushauri uiache, na sababu zake utaziona huko chini.

Kabla ya hayo yote, jipime sasa hivi. Fumbua mdomo, simamisha vidole vitatu vyako, cha shahada, cha kati na cha pete, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikiingia vitatu, taya bado linafunguka vizuri. Vikiingia viwili, misuli ya kutafunia imeanza kukaza, nenda kwa daktari wa meno kesho asubuhi. Kikiingia kimoja tu, au una homa, au uvimbe umeshuka chini ya taya au chini ya ulimi, au sauti imebadilika, au mate yanakutoka kwa kushindwa kuyameza, hapo usingoje asubuhi. Nenda idara ya dharura ya hospitali ya Mawenzi au KCMC hata kama ni saa nane usiku. Mizizi ya gego la mwisho la chini iko jirani na nafasi zinazoelekea chini ya ulimi na kooni. Usaha ukiteremka huko, uvimbe unaweza kuziba njia ya hewa, na mtu aliyekuwa anaumwa jino akaanza kupigania pumzi.

Kinachokusumbua ni uvimbe wa ile nyama iliyofunika nusu ya jino. Magego haya hutoka kati ya miaka 17 na 25, baada ya mengine yote, na mara nyingi taya halina tena nafasi ya kutosha. Jino linachungulia, linakwama, na juu yake kunabaki kifuniko cha fizi chenye mfuko chini yake. Chakula na bakteria huingia humo na mswaki haufiki. Mfuko ukivimba, nyama inanyanyuka, na hapo gego la juu la upande huohuo linaanza kuing'ata kila ukifunga mdomo. Inavimba zaidi, inang'atwa zaidi. Chukua kioo na tochi ya simu: ukiona juu ya nyama hiyo alama nyeupe au kidonda chenye umbo la ncha za jino, la juu linashiriki.

Ndiyo maana amoksilini ilikutuliza bila kukuponya. Mfuko ulibaki, na uchafu ukajaa upya. Dawa za kuua bakteria zina kazi yake pale penye homa, taya lililokaza, au uvimbe uliosambaa shavuni na kwenye tezi za shingo, na hata hapo ni za kusaidia usafishaji. Daktari atapima kama wewe unazihitaji. Akikuandikia, maliza dozi. Kumeza nusu kila linapouma ni kuwazoesha wadudu dawa. Mlima wenyewe hausababishi ugonjwa huu, lakini siku saba za kinywa kukauka, uchovu, na mswaki unaobaki ndani ya begi kwa sababu maji ni ya baridi kali, zinatosha kuuamsha.

Tiba ya sasa ni kuosha mfuko. Daktari wa meno huuosha kwa bomba la sindano lenye ncha butu, na la juu likiwa linang'ata anaweza kulisaga ncha. Nyumbani, koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, kama mililita 250, usukutue kila baada ya kula na kabla ya kulala, ukiyashikilia upande unaouma kwa nusu dakika. Kisha tafuta mswaki wa mtoto wenye nywele laini, kichwa chake kidogo kinafika nyuma. Piga juu ya nyama na nyuma ya gego la saba, yaani lililo mbele ya hilo la mwisho, hata kama panatoka damu. Ukipata bomba jipya la mililita 10, ondoa sindano yake kabisa, vuta maji yaleyale ya chumvi, weka ncha ukingoni mwa nyama na usukume polepole. Yakitoka maji ya ukungu yenye harufu, ujue umefika penyewe. Usisukume kwa nguvu, na usichokoe kwa kijiti wala pini.

Kwa maumivu, mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, akiwa amekula, pamoja na parasetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, bila kuzidi vidonge 8 kwa siku. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu inayochokozwa na aspirini asiguse ibuprofeni. Usiichanganye na diklofenaki, maana zote mbili ni za ukoo mmoja na tumbo ndilo litalipa. Aspirini iliyosagwa na kupakwa kwenye fizi haitulizi jino, inaunguza nyama tu. Kitambaa cha moto shavuni nacho kiache.

Sasa swali lako kubwa. Gego la mwisho halitolewi kwa sababu ni la mwisho, wala kwa sababu limelala. Linatolewa kwa sababu ya ugonjwa linaousababisha. Uingereza, taasisi yao ya miongozo ya tiba, NICE, ilisema hivyo waziwazi mwaka 2000: magego yaliyokwama yasiyo na ugonjwa yasipasuliwe kwa ajili ya tahadhari tu. Kuhusu uvimbe kama wako, mwongozo huo uliweka mpaka unaoeleweka: mara ya kwanza, kama si mkali sana, ioshwe na mtu aachwe, mara ya pili ni sababu ya kutoa. Wewe uko kwenye mara ya pili, ndani ya miezi michache. Marekani mazoea ni tofauti, vijana wengi hutolewa yote wakiwa bado hawaumwi, kwa hoja kwamba kabla ya miaka 25 mfupa ni laini na kidonda hupona upesi. Hoja ya umri ni ya kweli, upasuaji huwa mgumu zaidi kadiri miaka inavyokwenda. Lakini upasuaji una hatari zake, na kumbebesha hatari hizo mtu ambaye gego lake huenda lisingemsumbua maisha yote si jambo tunaloliunga mkono.

Kuna sababu nyingine, na hii tungependa uitilie maanani kuliko maumivu yenyewe, kwa kuwa haina kelele. Gego la mwisho likilala kuelekea mbele, kichwa chake hugonga mgongo wa gego la saba na kuacha kati yao mwanya usiofikiwa na mswaki wala uzi wa meno. Chakula hulala humo, na la saba huanza kuoza upande wa nyuma, karibu na shingo ya jino au chini ya fizi kabisa. Halionekani kwa tochi na haliumi mpaka uozo umekaribia kiini. Watu wengi huja wakilalamikia gego la mwisho, picha ikipigwa inaonekana kwamba la kusikitikiwa ni la saba, jino la kazi ambalo lingemtafunia miaka mingi. Hapo hesabu inageuka: la mwisho linatolewa ili la saba liokolewe, kama bado linazibika. Kwa hiyo gego lililochungulia na kuegemea mbele, hata likiwa kimya, linahitaji kuangaliwa kwa picha kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na dalili ya kwanza ya uozo kwenye la saba inatosha kuamua.

Sababu zilizobaki tunazipitia haraka. Gego la mwisho lenyewe likioza kiasi cha kutozibika, au likifanya jipu, linatoka. Fizi ya nyuma ya la saba ikiachana na jino na mfuko ukazidi kuwa wa kina, linatoka. Kukiwa na kifuko cha maji kinachokua kuzunguka kichwa cha jino lililofukiwa, hicho ni nadra lakini hula mfupa bila maumivu. Kwenye picha huonekana kama duara jeusi pana kuliko kawaida.

Meno ya mbele kubanana siyo sababu. Hubanana kwa watu wengi wakiwa kwenye miaka ya ishirini, hata wale ambao hawakuota gego la mwisho hata moja. Ukiyatoa kwa matumaini ya kunyoosha mbele utakuwa umeumia bure. Rangi ya kahawia pia siyo sababu. Huku kwetu, hasa upande wa Arumeru kama Maji ya Chai, floridi ya maji huyatia meno madoa wakati yanaumbwa utotoni, na kwa kuwa kichwa cha gego la mwisho huumbwa miaka ya shule ya msingi, nalo hutoka na madoa. Hayo ni madoa, hayalifanyi jino kuwa la kung'olewa.

Gego lako la kulia ambalo halijaonekana liache lilipo. Huenda limefukiwa kabisa ndani ya mfupa, na la namna hiyo lisilo na dalili hufuatiliwa tu kwa picha. Pengine halipo kabisa, wapo watu ambao hawakuumbiwa yote manne. La juu kulia limetoka vizuri, lisafishe na ulitumie. La juu kushoto ndilo la kujadiliwa. Kama linaing'ata nyama, kulitoa ni kazi nyepesi na kunaleta nafuu upesi. Na la chini likishatoka, la juu halitakuwa na mwenzake wa kukutana naye na linaweza kuendelea kushuka. Ukikubaliana na daktari kutoa yote mawili ya kushoto siku moja, hakuna ubaya.

Mwambie mama mkubwa, kwa heshima zote, kwamba macho hayataguswa. Neva inayoleta hisia kwenye meno ya juu na usoni si ile ya kuonea. Mtu anayeumwa gego la juu anaweza kusikia maumivu yakipanda mpaka karibu na jicho, lakini hiyo ni njia ya maumivu tu, na likitoka huisha.

Kwa la chini tunasisitiza picha, na hapa tabibu wako alikosea kidogo kuishia kwenye tochi. Ndani ya mfupa wa taya la chini unapita mfereji wenye neva ya mdomo wa chini na kidevu, na mizizi ya gego la mwisho mara nyingi iko jirani nao. Picha pana inayoonyesha taya zote mbili ndiyo inayofaa. Daktari ataangalia kama mstari mweupe wa mfereji umekatika pale unapopitana na mzizi, kama mzizi umeingia giza hapo, au mfereji umepinda ghafla. Dalili hizo zikionekana, ni kazi ya mtaalamu wa upasuaji wa kinywa na uso, ambaye anaweza kutaka picha nyingine ya kina, au kuamua kukata kichwa cha jino na kuiacha mizizi mahali pake. Ganzi ya mdomo ya muda hutokea kwa watu wachache kati ya mia, ya kudumu ni chini ya mmoja kati ya mia.

Gego lililolala halivutwi kwa koleo. Koleo linakamata kichwa tu, kinakatika, mizizi inabaki; au nguvu inaishia kwenye la saba na kulilegeza. Linalotakiwa ni kupasua fizi, kuondoa mfupa kidogo, kulikata jino vipande na kushona. Kwa hiyo uliza kabla ya kukaa kwenye kiti: picha inaonyeshaje, nani atalitoa, na mzizi ukikatika mtafanyaje? Mtu akikuambia atajaribu tu aone, shuka kwenye kiti. Wakati wa kazi yenyewe utasikia kusukumwa na milio, siyo maumivu. Ukisikia maumivu inua mkono uongezwe ganzi. Pia mweleze mapema kama una kisukari, kama damu yako huchelewa kuganda, au kuna dawa unazotumia. Na haifanywi huku pamevimba hivi. Kwanza mfuko uoshwe utulie, kwa kawaida siku kadhaa.

Baada ya kutoa, uma gozi, yaani kitambaa safi cha kidonda, kwa nusu saa bila kuchungulia. Damu ikianza tena, kunja gozi safi lenye unyevu, uma nusu saa nyingine. Mate yenye wekundu siku ya kwanza ni kawaida. Siku hiyo usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija, wala chai ya moto. Kuanzia siku ya pili maji ya chumvi, ukiyaacha yadondoke yenyewe. Uvimbe hupanda hadi siku ya pili au ya tatu ndipo unashuka; ukiendelea kupanda baada ya hapo, au homa ikija, rudi. Mtori uliopoa, uji, parachichi na mayai vinatosha wiki ya kwanza. Mbege iache: pombe haifai kwenye kidonda kibichi, chembe za ulezi zinaingia kwenye shimo, na kama umepewa metronidazoli, pombe inaweza kukutapisha vibaya.

Kama unavuta sigara, hapa ndipo itakapokugharimu. Damu iliyoganda ndani ya shimo ndiyo inayolinda mfupa. Ikiyeyuka au kung'oka mapema, mfupa unabaki wazi, na kati ya siku ya pili na ya nne maumivu yaliyokuwa yanapungua yanarudi kwa ukali, yanafika sikioni, na harufu mbaya inatoka. Hutokea zaidi kwenye magego ya mwisho ya chini kuliko jino lingine lolote, na kwa wavutaji zaidi. Ikikupata usikimbilie duka la dawa. Rudi shimo lioshwe na kuwekwa dawa, nafuu huja siku hiyohiyo au kesho yake.

Jumlisha hapo jinsi safari yako inavyogongana na haya yote. Siku kumi ni chache: kadhaa za kutuliza, siku ya kutoa, kisha unaingia geti ukiwa ndani ya kipindi cha uvimbe na cha hatari ya mfupa kubaki wazi shimoni, na mzigo wa kilo 20 mgongoni unaopandisha shinikizo la damu na kuweza kuanzisha upya kuvuja. Sisi tungetaka wiki mbili kamili kati ya upasuaji na mzigo. Lakini kungoja mvua za Novemba ndipo utoe nako hatukushauri, kwa sababu uvimbe wa mara ya tatu unaweza kukukuta ukiwa mbali na hospitali, na huo umbali ni sababu halali ya kuharakisha kuliko angefanya mwenzako anayeuza duka Kiboriloni. Toa sasa, ukose safari moja, ubaki na msimu.

Kama daktari atasema tarehe ya upasuaji ni ya mwezi ujao, na ukalazimika kupanda kabla yake, panda tu ikiwa mfuko umeoshwa, uvimbe umeisha na vidole vitatu vinaingia. Beba mswaki mdogo, bomba na chumvi mahali unapovifikia kila jioni, na unapomeza ibuprofeni huko juu ule na unywe maji ya kutosha, maana mwili ukikaukiwa maji dawa hiyo huweza kuumiza figo. Mwambie kiongozi wa msafara kabla hamjaanza kupanda kwamba una gego linalovimba. Siku vidole vitakapoingia viwili, unashuka na mtu wa kukusindikiza, huongezi kambi nyingine.